Nani Atalipia Kitabu Kisichosomwa?

"Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali hii nilifundishwa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari, nikaipenda kwa vina vyake. Sikujua kwamba siku moja ningeisikia ikitumiwa kumnyima kijana kitabu. Nimeisikia, tena kwa masikio yangu mawili, katika maktaba moja ya umma huku kwetu magharibi mwa Rwanda. Sitaitaja jina, kwa sababu nia yangu si kumwaibisha mtu. Isitoshe, nina hakika kwamba wewe msomaji, uwe Rubavu, Bukoba au Kakamega, unaijua nyingine inayofanana nayo.

Niseme mapema ninachokipinga ili tusizungushane. Ninapinga desturi ya kumkata mkutubi mshahara kila kitabu kinapopotea. Wenye desturi hiyo huiita uwajibikaji. Mimi naiita kufuli. Nimekaa na mkutubi kutwa nzima, nimeona kazi yake tangu mlango unafunguliwa hadi unafungwa, na nimeona kufuli hilo lilipowekwa.

Mimi ni mwenyeji wa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu, ambako asubuhi wavuvi hurudi na sambaza wakati wafanyakazi wa kiwanda cha bia wanaingia zamu. Chuoni ninasoma Kiswahili. Likizo iliyopita nilimwambia mjomba wangu kwamba nikihitimu ningependa kuwa mkutubi. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Umesoma miaka yote hii," akasema, "ili ukae kwenye kiti uwaambie watoto wanyamaze?" Sikumjibu, kwa kuwa mkubwa hajibiwi hovyo, lakini maneno yake yalinichoma. Nikaenda kwa mama mmoja anayefanya kazi hiyo mjini, nikamwomba anikubalie nikae naye siku nzima. Nilitaka kujua kama mjomba alikuwa na haki ya kucheka.

Saa mbili asubuhi alifungua mlango. Kabla ya mambo yote alipita kwenye rafu moja baada ya nyingine akitoa vitabu na kuvinusa. Nilidhani ananitania. Kumbe huku ziwani unyevu huingia kwenye karatasi, na ukungu huanza kunuka kabla haujaonekana. Vile vilivyoanza kunuka alivipanga dirishani vipate hewa. Kisha akavirudisha mahali pake vitabu vya jana, kila kimoja kwa nambari yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba nambari zile mgongoni si mapambo. Fasihi ya Kiswahili ina nambari yake, 896.392. Isimu yake ina nyingine, 496.392. Kitabu kikirudishwa mahali pasipo pake, kimepotea hata kama kimo ndani ya jengo.

Saa tatu walikuja wanafunzi wa sekondari, wakataka mitihani ya miaka iliyopita. Nakala zilikuwa chache kuliko wao, akawagawa makundi na kuwapa zamu. Saa nne akaja mzee aliyetaka kusomewa barua ya ardhi. Akaja msichana aliyekwama kwenye ombi la Irembo katika simu yake. Akaja baba aliyemleta mtoto wa darasa la tatu, akanong'ona ili mtoto asisikie kwamba yeye mwenyewe hajui kusoma, na hivyo hajui amchagulie nini. Mama yule hakumuuliza swali hata moja la kumwaibisha. Alichagua vitabu viwili vyenye picha, akamwambia baba, "Muulize mtoto akusimulie kilichomo." Nikawaza: mwalimu ana mtaala, daktari ana vipimo, lakini huyu anapaswa kusikiliza nusu ya sentensi na kukisia nusu ambayo mtu anaona haya kuisema. Mjomba, hiyo si kazi ya kukaa kwenye kiti.

Basi ilipofika saa saba kasoro akaingia kijana mmoja, mabega yamechafuka vumbi la unga. Alikuwa karaningufu, mmoja wa wale wanaobeba mizigo ya wafanyabiashara wanaovuka mpaka kati ya Gisenyi na Goma. Alisimama mlangoni kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akauliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kile ambacho walimu wangu hukisahihisha kwa wino mwekundu: "Mama, bitabu bya Kiswahili biko? Ya kusoma tu, hapana ya masomo."

Vilikuwapo. Vingeenea kwenye mfuko mmoja wa mchele, lakini vilikuwapo, vipya, ndani ya kabati la vioo lenye kufuli. Kijana alisogea akasoma migongo yake polepole, midomo ikitembea. Akafika kwenye riwaya ya Adam Shafi, *Kuli*. "Kuli ni nini?" akaniuliza. Nikamwambia ni karaningufu wa bandarini, na kwamba kitabu hicho kilichotoka mwaka 1979 kinahusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Alinitazama kama mtu anayesubiri kuona iwapo anachezewa. "Karani ngufu ameandikiwa kitabu?" Nikamwambia ndiyo. Akaweka paji la uso kwenye kioo.

Ufunguo haukuwapo. Ulikuwa kwa mkubwa wa mama yule, na mkubwa alikuwa mkutanoni. Mama akampigia simu, nami nilikuwa karibu kiasi cha kusikia jibu. Lilikuwa methali ile ile: mali bila daftari hupotea bila habari. Ningoje kesho nitakuja mwenyewe. Kijana alikuwa na muda wa chakula cha mchana tu, na mzigo wa watu ulikuwa unamsubiri. Alishukuru, akaondoka. Kesho yake kabati lilifunguliwa. Mama aliniambia kwenye simu kwamba yeye hakurudi.

Nilikuwa nimekwisha kumchukia yule mkubwa. Lakini kijana alipoondoka, mama alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia jambo lililonigeuza. "Ufunguo ule nilimpelekea mimi mwenyewe." Kwa nini? Kwa sababu kitabu kikipotea, bei yake hukatwa kwenye mshahara wake. Alikwisha kukatwa mara tatu. Mara moja kilikuwa kitabu cha kiada alichomwazima mwanafunzi ambaye familia yake ilihama usiku bila kuaga. "Mwanangu," akasema, "mimi pia nina watoto wanaosubiri daftari. Nikiwa na ufunguo, nitaazimisha. Najijua. Kwa hiyo nisiwe nao."

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye hoja yangu. Tumemchukua mtu ambaye moyo wake unataka kutoa vitabu, tukamwekea kanuni inayomwadhibu kila anapotoa. Akiazimisha vitabu mia vikarudi tisini na tisa, hatuulizi tisini na tisa vimefanya nini huko vilikokwenda. Tunamkata kwa kile kimoja. Asipoazimisha hata kimoja, vyote mia vipo, daftari ni safi, mkaguzi anatia sahihi, naye anaitwa mfanyakazi mwaminifu. Kitabu kilichopotea kina bei, tarehe na mtu wa kulaumiwa. Kitabu kisichosomwa hakimuumizi mtu yeyote isipokuwa yule aliyekihitaji, na huyo hayumo daftarini.

Nililiomba daftari lenyewe nilitazame. Lilikuwa na safu za jina la kitabu, mwandishi, bei, idadi na hali. Hapakuwa na safu ya msomaji. Huo ndio ukweli wote wa jambo hili, umechorwa kwa rula.

Wala si jambo jipya duniani. Zamani za kati huko Ulaya, vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu zake. Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, minyororo hiyo ipo hadi leo, na watalii huenda kuitazama. Wakati ule kitabu kiliandikwa kwa mkono, na kimoja kilikuwa utajiri mkubwa, kwa hiyo mnyororo ulikuwa na maana yake. Lakini mwaka 1931 S. R. Ranganathan, mhisabati wa Madras, India, aliyegeuka kuwa mkutubi, alichapisha kanuni tano za kazi hii, na ya kwanza kabisa inahusu matumizi: kitabu kinawekwa maktaba ili kitumike. Hakuanza na utunzaji wala hesabu. Ni karibu karne moja sasa tangu aseme hayo. Wakutubi wetu wanafundishwa kanuni hizo darasani, kisha wanaajiriwa mahali ambapo kanuni ya kwanza ni kwamba kitabu kisiguswe.

Kuna watakaoniambia: wewe ni mwanafunzi, hujawahi kununua kitabu kwa fedha za umma. Vitabu ni ghali, watu wetu hawarudishi, ukifungua kabati leo baada ya mwaka utabaki na mbao. Nalijibu hilo kwa heshima, maana lina ukweli ndani yake. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa na kitabu cha maktaba miezi minane. Si kwamba nilikiiba. Nilichelewa wiki moja, nikaona haya, na haya ikazaa woga wa faini, na woga ukazaa miezi saba mingine. Wangapi wako hivyo? Huko Marekani, jiji la Chicago lilifuta faini za kuchelewesha vitabu katika maktaba zake za umma Oktoba 2019. Katika wiki zilizofuata, vitabu vilivyorudishwa viliongezeka zaidi ya mara mbili. Vilikuwa majumbani muda wote huo, vimefichwa na aibu. Watu hawakubadilika tabia kwa wiki chache. Kilichobadilika ni kanuni.

Sisemi kila mtu achukue anachotaka bila kuandikwa. Aandikwe, apewe kadi, akumbushwe, afuatwe hata nyumbani. Ninachosema ni kwamba hasara kidogo ni sehemu ya kazi, kama chaki inavyokwisha mkononi mwa mwalimu. Hakuna mwalimu anayekatwa mshahara kwa chaki iliyokwisha. Chaki isipopungua ndipo mkuu wa shule angepaswa kuuliza kulikoni. Basi na maktaba ambayo vitabu vyake vya miaka mitano bado vinang'aa kama siku vilipotoka dukani ingepaswa kuulizwa vivyo hivyo. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa si hasara, ni kazi iliyokwisha kufanyika.

Wengine watasema maktaba zimepitwa na wakati, vijana wana simu. Hao waje wakae saa moja pale nilipokaa mimi. Yule baba mwenye mtoto wa darasa la tatu alikuwa na simu mfukoni. Yule karaningufu alikuwa nayo pia, nilimwona akitazama saa. Simu haikumwambia kwamba kuna kitabu kilichoandikwa kuhusu watu wanaobeba mizigo. Aliyemwambia ni mtu aliyesimama karibu naye, akasikia alichouliza. Kubahatisha kwangu mimi mgeni wa siku moja ndiyo kazi ya kila siku ya mkutubi, tukimwachia ufunguo.

Na kuna hasara kubwa zaidi ya hiyo ya kijana mmoja. Tazama jirani zetu. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, hata miaka miwili ya uhuru haijatimia vizuri, na Kenya ikafuata mwaka 1965. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Mwaka huo karibu theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma. Ikaja kampeni ya elimu ya watu wazima, na kufikia mwaka 1986 serikali ilihesabu kwamba wasiojua kusoma wamebaki chini ya asilimia 10. Dunia ilistaajabu. Lakini sensa ya mwaka 2012 ilikuta tena takribani mtu mzima mmoja katika kila watano hajui kusoma. Sababu ni nyingi, hali ngumu ya uchumi ikiwamo. Mojawapo ni kwamba maktaba za vijijini na magazeti ya vijijini, yaliyoanzishwa ili waliojifunza wapate cha kusoma, yalififia. Kusoma ni kama njia ya shambani: isipopitwa, majani huifunika. Hakuna aliyelipia hasara hiyo, na mshahara wa mtu haukukatwa.

Sisi Wanyarwanda tuna deni letu pia. Februari 2017 Bunge letu lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, sambamba na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Nilifurahi, na ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuchagua masomo haya. Lakini lugha haiwi rasmi kwa kupigiwa kura tu. Huku Rubavu, Kiswahili hakikusubiri Bunge: kinavuka mpaka kila asubuhi na mama wauza mboga, na jioni kinarudi nao. Watu wetu wanakisikia na kukisema. Kinachokosekana ni mahali pa kukisoma. Kisha anapotokea mtu wa sokoni, si mwanafunzi wala ofisa, akija kwa miguu yake kuomba kitabu katika lugha hiyo rasmi, anakuta kioo. Kiswahili chake chenye "bitabu bya" kingekutana na Kiswahili cha Unguja ndani ya kurasa zile, na pengine kingenyooka bila wino mwekundu wa mtu yeyote. Tulimfungia mwalimu asiyedai mshahara.

Nini kifanyike? Sitadai jengo jipya. Najua Maktaba ya Umma ya Kigali, ambayo wazo lake lilianzishwa na wanachama wa klabu ya Rotary ya Kigali-Virunga, ilichukua zaidi ya miaka kumi hadi kufunguliwa mwaka 2012, na najua iko zaidi ya kilomita 150 kutoka kwetu. Ninadai mambo matatu yasiyohitaji hata tofali. La kwanza, mshahara wa mkutubi usiguswe kwa kitabu kilichopotea katika kuazimisha kwa utaratibu. Kila maktaba ya umma iwekewe kiasi cha hasara kinachokubalika kwa mwaka, kifutwe daftarini bila mtu kutetemeka. La pili, daftari la ukaguzi liongezwe safu mbili: kitabu kimetoka mara ngapi, na kimeombwa mara ngapi kikakosekana. Mkaguzi aanze kusoma hapo kabla hajafika kwenye bei. La tatu, vitabu vitoke mjini. Mwaka 1996 Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia kwa wafugaji wa Garissa, wanaohamahama na mifugo yao. Kama ngamia aliweza kubeba masanduku ya vitabu nyikani, sisi tunashindwaje kuvifikisha kutoka mjini hadi mwaloni Rubona, safari isiyofika hata kilomita kumi, tena barabara ipo?

Wazee wa Nyamyumba hutuambia kwamba samaki wa sambaza hawakuwa wa ziwa letu. Ni kweli: waliletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, wakamwagwa majini. Leo kuna familia ambazo zimejenga nyumba na kusomesha watoto kwa samaki hao. Ninajiuliza ingekuwaje kama aliyewaleta angeogopa wasipotee, akawaweka kwenye pipa lenye mfuniko, akawahesabu kila jioni. Daftari lake lingekuwa safi kabisa, na sisi tungekuwa na pipa la samaki waliooza. Tena jina lenyewe la samaki huyo, kwa Kiswahili, ni amri: sambaza.

Siku ile saa kumi na moja mama alianza kufunga madirisha. Nilimsaidia kurudisha vitabu vya dirishani, vilikuwa vimekauka. Kabla ya kuondoka nilinunua daftari dogo kwenye duka la jirani, nikachora safu nne kwa kalamu: tarehe, kitabu, aliyeomba, alipata au hakupata. Nikampa. Alilitazama muda mrefu, kisha akachukua kalamu yangu, akajaza mstari wa kwanza yeye mwenyewe. *Kuli*. Karaningufu wa mpakani. Hakupata.

Mjomba bado anacheka. Mwakani nitahitimu, na ombi langu la kazi ya ukutubi nimekwisha kuliandika.